Nyerere na deni la taa: Umeme wa Pangani ulivyoipita milima ya Usambara

Na Mwandishi Wetu

MWALIMU Julius Kambarage Nyerere anakumbukwa kwa mambo mengi: uhuru uliopatikana bila kumwaga damu, Muungano, Azimio la Arusha, vijiji vya Ujamaa na lugha ya Kiswahili. Umeme hautajwi mara nyingi katika orodha hiyo. Hata hivyo, ni katika umeme ndipo tofauti kati ya yale aliyoyaamini Baba wa Taifa na yale aliyoweza kuyatekeleza inapoonekana waziwazi.

Mkoani Tanga, tofauti hiyo inafuata mkondo wa mto. Maji yanayoteremka kutoka milima ya Usambara, kuanzia Bungu wilayani Korogwe hadi Lushoto, hukusanywa na mito kama Lwengera na Mkomazi na kuingia Mto Pangani katika eneo la Korogwe. Mbele zaidi kuelekea baharini, kwenye maporomoko ya Hale na Pangani, maji hayo huzungusha mitambo ya kufua umeme.

Kwa miongo mingi umeme huo ulikwenda mjini Tanga, kwenye mashamba ya mkonge na baadaye Dar es Salaam. Wengi wa wale walioishi kwenye chemchemi za maji hayo waliendelea kuwasha vibatari. Hali hiyo ilikuwapo kabla Nyerere hajashika madaraka, na kwa sehemu kubwa ilikuwapo bado siku alipoyaacha.

Mtoto wa Butiama

Nyerere alizaliwa Aprili 13, 1922, katika kijiji cha Butiama, mashariki mwa Ziwa Victoria. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa Mtemi wa Wazanaki, na mama yake aliitwa Mgaya wa Nyang'ombe. Utemi wa baba haukuleta taa ndani ya nyumba. Usiku wa Butiama ya wakati huo ulikuwa na mwanga wa moto wa kuni na mbalamwezi, kama ulivyokuwa usiku wa Bungu na wa vijiji karibu vyote vya Tanganyika.

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alianza masomo katika Shule ya Mwisenge mjini Musoma. Kutoka hapo alikwenda Tabora mwaka 1937, kisha Chuo cha Makerere, Uganda, mwaka 1943. Alifundisha katika Shule ya St. Mary's Tabora kabla ya kwenda Uskochi mwaka 1949 kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambako alipata shahada mwaka 1952.

Aliporudi alifundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Julai 7, 1954, chama cha TANU kiliundwa akiwa kiongozi wake, na mwaka uliofuata aliacha ualimu ili afanye kazi ya siasa. Jina la Mwalimu, hata hivyo, lilibaki naye hadi kaburini.

Umeme uliofuata mkonge

Nchi aliyokuja kuiongoza ilikuwa imegawanywa zamani kati ya wenye taa na wasio nazo. Huduma ya kwanza ya umeme kwa umma ilianzishwa na Wajerumani jijini Dar es Salaam mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyoishi wakoloni wenyewe. Waingereza waliendeleza mpango huo huo baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Mwaka 1931, Nyerere akiwa mtoto wa miaka tisa ambaye hajaanza shule, utawala wa Kiingereza uliamua kuikabidhi kazi ya umeme kwa kampuni binafsi. Zikaundwa kampuni mbili: DARESCO, iliyohudumia Dar es Salaam na vitongoji vyake, na TANESCO, ambayo wakati huo herufi zake za kwanza zilisimama badala ya Tanganyika. Mwaka 1932 Kampuni ya East African Power and Lighting yenye makao makuu Nairobi ilinunua sehemu kubwa ya hisa za TANESCO.

Kazi kubwa ya TANESCO ilikuwa kwenye Maporomoko ya Pangani, ambako kituo cha kufua umeme kwa nguvu za maji kilijengwa katika miaka ya 1930. Mteja wake alijulikana mapema. Tanga ilikuwa mkoa wa mkonge, na mashine za korona, zinazokwangua majani ya mkonge ili kupata nyuzi, zinahitaji nguvu kubwa mfululizo. Tanganyika ilikuwa mzalishaji mkuu wa mkonge duniani, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Kwa hesabu za kampuni binafsi, waya ulifuata mahali palipokuwa na mnunuzi mkubwa aliye karibu. Familia ya milimani yenye shamba la mahindi, migomba na kahawa kidogo haikuingia katika hesabu hiyo. Milima ilitazamwa kama chanzo cha maji na cha vibarua.

Hata ulinzi wa maji hayo uliletwa kwa amri. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakoloni walianzisha mpango wa kuhifadhi udongo, kwanza katika bonde la Mlalo na baadaye sehemu nyingine za Usambara. Wakulima walilazimishwa kulima matuta kwenye miteremko ya mashamba yao, na waliokaidi walitozwa faini. Mpango huo ulichukiwa, hasa kwa kuwa kazi ilikuwa nzito na mavuno hayakuongezeka. Chuki hiyo iliwapa wanasiasa wa TANU wasikilizaji wengi milimani, na mpango ukafa kabla ya uhuru.

Taa zilizozimwa saa sita usiku

Mwanga ulikuwa mfano uliopendwa na Nyerere. Mwaka 1959, akizungumza katika Baraza la Kutunga Sheria, alieleza nia ya Watanganyika ya kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro ili ulete matumaini kwa waliokata tamaa. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, mwenge huo uliwashwa kileleni na Luteni Alexander Nyirenda.

Usiku huo huo katika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, taa zilizimwa saa sita kamili na bendera ya Uingereza ikashushwa gizani. Zilipowashwa tena, bendera ya Tanganyika ilikuwa ikipepea. Umeme wa mji huo ulikuwa bado biashara ya kampuni binafsi ambayo taifa jipya halikuwa na kauli ndani yake.

Nyerere alianza kuwa Waziri Mkuu, akajiuzulu Januari 1962 ili aimarishe chama, na Desemba mwaka huo akawa Rais. Vita aliyotangaza ilikuwa dhidi ya maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Giza halikutajwa kama adui wa nne, na katika miaka iliyofuata bajeti za Serikali zilionyesha mpangilio huo.

Serikali yaingia kwenye mitambo

Mwaka 1964 ulileta mabadiliko mawili. La kwanza ni kukamilika kwa kituo cha Hale chenye uwezo wa megawati 21, pamoja na njia ya kusafirisha umeme kuelekea Dar es Salaam. Kwa mara ya kwanza maji ya Pangani yalianza kuuangazia mji mkuu. Katika muongo huo huo lilijengwa bwawa la Nyumba ya Mungu, juu zaidi kwenye mto huo, ambalo lilipata mtambo wa megawati 8.

Badiliko la pili lilikuwa la umiliki. Mwaka huo Kampuni ya East African Power and Lighting iliiuzia Serikali hisa zake za TANESCO. Shirika lilibadilisha jina kufuatia Muungano, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 hisa zote zilikuwa mikononi mwa umma.

Viongozi wengine wa Afrika wa zama hizo walikuwa wakijenga mabwawa makubwa. Gamal Abdel Nasser wa Misri alikuwa na Aswan. Kwame Nkrumah wa Ghana alizindua Akosombo Januari 1966, wiki chache kabla ya kupinduliwa, na sehemu kubwa ya umeme wa bwawa hilo ilikwenda kwenye kiwanda cha aluminiamu kilichomilikiwa na kampuni za Marekani. Ikilinganishwa na hayo, miradi ya Pangani ilikuwa midogo, lakini swali lililozuka Ghana lilikuwapo Tanganyika pia: umeme ukishapatikana, nani autumie kwanza?

Azimio lilipozitaja taa

Jibu la Nyerere kwa maandishi lilikuja Februari 5, 1967, katika Azimio la Arusha. Wengi hukumbuka Azimio kwa kutaifisha mabenki na viwanda na kwa miiko ya uongozi. Wachache hukumbuka kwamba lilizungumzia pia taa za umeme.

Azimio lilieleza kuwa taa za umeme, mabomba ya maji na hoteli ziko zaidi mijini, na kwamba nyingi zimejengwa kwa mikopo. Mikopo hiyo hulipwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni hutokana na mazao ya mkulima, ambaye hanufaiki na vitu hivyo moja kwa moja. Hitimisho lake lilikuwa zito: usipoangaliwa uwiano huo, mkazi wa mjini anaweza kuwa mnyonyaji wa mkulima wa kijijini.

Kwa mkulima wa kahawa au chai wa Usambara, maelezo hayo hayakuhitaji tafsiri. Zao lake lilisaidia kulipa deni la mitambo, maji ya mlima wake yaliizungusha, na taa ziliwaka mahali pengine. Kiongozi wa nchi alikuwa ameliona hilo na kulikubali hadharani.

Kuliona, hata hivyo, hakukutosha. Umeme wa njia kubwa hauwezi kuchotwa njiani kama maji ya mfereji. Njia ya kilovolti 132 itokayo Hale kwenda Moshi hupita bondeni, chini ya milima ya Usambara, lakini ili kijiji kipate taa kutoka kwenye njia kama hiyo panahitajika kituo cha kupunguza msongo, nguzo za kupandisha waya milimani, transfoma na nyaya za kila nyumba. Gharama hiyo yote ingelipiwa na kaya ambazo zingetumia balbu mbili au tatu. Shirika lililotakiwa lijiendeshe kwa mapato yake lilikuwa na kila sababu ya kupeleka nguzo kiwandani.

Kidatu na tamaa ya viwanda

Uamuzi mkubwa kuliko yote wa umeme katika utawala wa Nyerere ulikuwa Kidatu, kwenye Mto Ruaha Mkuu. Ujenzi ulianza mwaka 1970 kwa mikopo na misaada, ikiwamo ya Benki ya Dunia na Sweden. Awamu ya kwanza ya megawati 100 ilikamilika mwaka 1975, na mwaka 1980 uwezo ulipanda hadi megawati 204. Bwawa la Mtera lilijengwa juu ya mto ili kutunza maji ya kiangazi.

Kidatu ilikuja wakati wake. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na bila nguvu za maji nchi ingelazimika kuchoma dizeli isiyoweza kuilipia. Umeme ulihitajika katika viwanda vilivyoanzishwa ili kupunguza bidhaa za kuagiza, kama kiwanda cha nguo cha Urafiki jijini Dar es Salaam. Tanga nayo ilipata kiwanda cha mbolea, cha kufyatua nondo na baadaye cha saruji.

Vijana wengi wa Usambara walikutana na umeme kwa njia hiyo, kwa kuteremka na kuufuata. Walikwenda Tanga, Korogwe na Dar es Salaam kutafuta kazi, wakaishi kwenye vyumba vyenye swichi ukutani, na kurudi nyumbani sikukuu kukuta chemli ileile mezani.

Mwaka 1973 Serikali iliagiza wananchi wote wawe wanaishi katika vijiji kufikia mwisho wa mwaka 1976. Moja ya hoja za agizo hilo ilikuwa kwamba watu waliotawanyika hawawezi kufikishiwa huduma. Shule, zahanati na visima vilifika katika vijiji vingi. Umeme haukufika. Ulipoenea, ulienea katika makao makuu ya mikoa na baadhi ya wilaya, mara nyingi kwa jenereta za dizeli zilizonyamaza mafuta yalipokosekana.

Kisomo kwa mwanga wa karabai

Penye kipaumbele cha kweli cha Nyerere, matokeo yalikuwa tofauti. Mwaka 1967 takriban theluthi moja tu ya watu wazima walijua kusoma na kuandika. Kampeni za kisomo zilizopamba moto kuanzia mwaka 1970 ziliwaingiza mamilioni madarasani, wengi wakisoma baada ya kazi za shamba, na kwa takwimu za Serikali kiwango kilikaribia asilimia 90 mwaka 1986. Elimu ya msingi kwa wote ilifuata katika nusu ya pili ya miaka ya 1970.

Yote hayo yalifanyika vijijini kwa mwanga wa jua, karabai na koroboi. Watetezi wa Nyerere huyaona kama uthibitisho kwamba alichagua vizuri: fedha chache zilizokuwapo zilimfundisha mtu kwanza, na waya ungekuja baadaye. Wakosoaji wake hujibu kwamba mtoto aliyesomea kwenye moshi wa mafuta ya taa, na zahanati isiyo na jokofu la chanjo la kutegemewa, ni gharama ambazo hazikuandikwa katika kitabu chochote cha hesabu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata mafuta ya taa yakawa adimu. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na kuporomoka kwa bei za mazao viliikausha hazina ya fedha za kigeni. Watu walipanga foleni kwa sukari, sabuni na mafuta ya taa. Viwanda vingi vilivyopewa umeme kwanza vilikuwa vikifanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake kwa kukosa vipuri na malighafi.

Baada ya Ikulu

Nyerere alistaafu urais Novemba 1985 na kurudi Butiama kulima. Aliishi kuona zama nyingine zikianza. Kituo kipya cha Pangani chenye megawati 68 kilikamilika katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa nchi za Nordic, wakati ambapo ukame ulikuwa umeliingiza taifa katika mgawo wa umeme.

Maji yakawa suala la kugombewa. Ofisi ya Bonde la Mto Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991, ilipewa kazi ya kugawa haki za kutumia maji kati ya mitambo, mashamba makubwa na wakulima wadogo. Wakulima wa milimani waliokuwa na mifereji ya asili tangu enzi za mababu sasa walitakiwa kuwa na kibali cha kutumia maji ya mto ambao umeme wake wengi wao hawakuwa nao.

Nyerere alifariki dunia Oktoba 14, 1999, katika Hospitali ya St. Thomas, London, na kuzikwa Butiama. Miaka mitatu baadaye uendeshaji wa TANESCO ulikabidhiwa kwa kampuni ya Afrika Kusini kwa mkataba uliodumu hadi mwaka 2006.

Waya wapanda mlima

Hatua aliyoihitaji mkulima wa Azimio la Arusha ilikuja kwa sheria ya mwaka 2005 iliyounda Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioanza kazi mwaka 2007. Wakati huo takriban asilimia 2 tu ya wakazi wa vijijini walikuwa na umeme. Msingi wake ulikuwa kuachana na hesabu ya mwaka 1931: nguzo na nyaya zinalipiwa na mfuko wa taifa, unaochangiwa pia na watumiaji wa umeme na mafuta, na mwanakijiji hutozwa ada ndogo ya kuunganishiwa, ambayo baadaye iliwekwa kuwa shilingi 27,000.

Kufikia katikati ya miaka ya 2020 Serikali ilitangaza kuwa vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa. Kufikiwa kwa kijiji si sawa na kuwaka kwa kila nyumba. Katika nchi ya milima kama Usambara, ambako vitongoji hukaa juu ya migongo ya vilima vinavyotenganishwa na mabonde, nguzo inaweza kusimama shuleni huku nyumba za ng'ambo zikisubiri. Pale uliposhuka kwenye mita, umeme umeleta mashine za kusaga, uchomeleaji, saluni na kuchaji simu. Kuni, hata hivyo, zimebaki kuwa nishati ya jikoni kwa kaya nyingi, na misitu inayotunza maji ya Pangani bado inaelemewa.

Mradi mkubwa kuliko yote wa umeme nchini sasa unaitwa kwa jina la Nyerere. Serikali yake iliunda mwaka 1975 Mamlaka ya Uendelezaji wa Bonde la Mto Rufiji (RUBADA), na wakati wa utawala wake bwawa la Stiegler's Gorge lilipimwa na kuchorwa, lakini fedha hazikupatikana. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2019, mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha mwaka 2024, na mitambo yote tisa yenye jumla ya megawati 2,115 ikakamilika mwaka 2025. Uwezo huo ni mara 100 ya ule wa Hale ya mwaka 1964.

Megawati hizo haziondoi swali lililoandikwa Arusha mwaka 1967 juu ya nani analipia taa na nani anazitumia. Azimio lilimtaja mkulima kuwa ndiye mlipaji. Milimani Usambara malipo hayo yalianza tangu miaka ya 1930, maji ya Lwengera na Mkomazi yalipoanza kuzungusha mitambo ya Pangani, na kwa nyumba ambazo nguzo bado hazijavuka bonde, hayajarudishwa.